Sera imefaulu kwa kigezo gani? Jibu kwa diwani anayejiandaa kupima elimu bila malipo

Swali: "Mimi ni diwani wa kata ya vijijini, Tanzania Bara. Baraza letu litapokea taarifa ya miaka kumi ya elimu bila malipo. Afisa elimu ameshatudokeza kwamba atasema sera imefaulu, maana uandikishaji umepanda sana. Diwani mwenzangu anasema imeshindwa, kwa kuwa katani kwake kuna watoto wa darasa la nne wasiojua kusoma. Kila mmoja ana takwimu zake na zote zinaonekana za kweli. Nani yuko sahihi, na sisi tusio wataalamu tuchague vigezo kwa njia gani?"

Mheshimiwa Diwani,

Inawezekana kabisa wote wawili wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja ameshika ahadi yake. Afisa elimu anaangalia kama watoto wameingia shuleni, mwenzako anaangalia kama waliomo wanajifunza. Mabishano mengi ya aina hii huzaliwa hapo: watu wanarukia takwimu kabla hawajakubaliana sera yenyewe iliahidi nini. Kwa hiyo kabla hujaomba jedwali lolote, tafuta karatasi ya sera uisome.

Karatasi yenyewe ni Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliotolewa kutekeleza Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 na kuanza kufanya kazi Januari 2016. Usome pamoja na Waraka Na. 3 wa mwaka 2016, uliofafanua majukumu ya kila mhusika. Utakuta kiini chake ni ada na michango: mzazi hatalipa nini tena, serikali italeta nini, na kipi kinabaki juu ya familia. Kwa lugha ya kawaida, ahadi ni kwamba umaskini wa nyumbani usimfungie mtoto mlango wa shule, wala usimtoe akiwa ameshaingia. Kusoma, kuandika na kuhesabu ni ahadi ya mfumo mzima wa elimu, wenye mitaala, walimu, vitabu na ukaguzi wake.

Mimi ningeyatenganisha mambo hayo mbele ya baraza waziwazi. Elimu bila malipo ipimwe kwanza kwa mzigo alioutua mzazi na kwa watoto waliobaki nje. Baada ya hapo, elimu yote kwa ujumla ipimwe kwa kile mtoto anachokijua. Mkivichanganya, afisa atasifiwa kwa jambo jepesi kulihesabu, na mwalimu atalaumiwa kwa waraka ambao haukumwongezea mwenzake wa kumsaidia darasani.

Nianze na mzigo wa mzazi, kwa sababu kigezo hiki ndicho husahaulika kuliko vyote, ingawa ndicho kilicho karibu zaidi na maneno ya waraka. Chukua shule ya msingi yenye wanafunzi 600. Fedha za uendeshaji ziliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shilingi 6,000 kati ya hizo zinakwenda shuleni na 4,000 zinabaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu. Kwa utaratibu huo shule inapokea shilingi milioni 3.6 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Ndani ya laki tatu hizo mwalimu mkuu anunue chaki na karatasi, agharamie mitihani ya ndani, akarabati mlango ulioanguka, anunue mipira ya michezo, na ajaze fomu za matumizi ya kila senti. Kiwango chenyewe chimbuko lake ni dola 10 zilizopangwa kwa kila mwanafunzi wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bei ya bati na ya karatasi haikusimama tangu wakati huo.

Kinachopungua hapo kinarudi kwa mzazi kwa majina mengine: mlinzi, uji, mwalimu wa kujitolea, mtihani wa majaribio, tofali za darasa. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni. Agizo hilo lilitolewa miaka miwili baada ya waraka kuanza kutumika, na hiyo ni dalili tosha kwamba wazazi walikuwa bado wanalipa. Sasa fungua taarifa ya halmashauri yenu uone kama kuna mstari hata mmoja unaoeleza kaya imetoa shilingi ngapi mwaka jana. Mara nyingi haumo, kwa sababu takwimu hiyo haipatikani ofisini. Inapatikana kwa mama mwenye watoto watatu shuleni. Watume watu wasio walimu wa shule husika waende kwenye kaya chache za kila kitongoji, za uwezo tofauti, waulize maswali matatu tu: tangu Januari mmelipa nini shuleni, kiasi gani, na mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alifanywaje? Swali la tatu ndilo lenye uzito. Mchango ambao asiyeutoa mwanawe anarudishwa nyumbani ni ada, hata ukiitwa wa hiari.

Kigezo cha pili ni uandikishaji, ambacho afisa wenu anakitegemea. Sikidharau. Mtoto ambaye jana alikuwa anachunga mbuzi na leo yuko darasani ni ushindi wa kweli, na nchi yetu imeupata ushindi huo zaidi ya mara moja. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 1.2 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ada ilipofutwa tena mwaka 2001 na MMEM ikaanza, wakapanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi takriban milioni 7.5 mwaka 2005. Sehemu ya watoto wa umri wa shule ya msingi walioandikishwa ilitoka kama asilimia 59 ikafika kama 95.

Lakini angalia kilichofuata. Mafanikio ya miaka ya Musoma yaliporomoka uchumi ulipoyumba na wazazi wakaanza kuchangia tena. Yale ya MMEM nayo yakapungua polepole, na kufikia mwaka 2013 kiwango kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 90. Namba hii hupanda kwa kishindo mlango unapofunguliwa, halafu hushuka kimya kimya wakati macho ya viongozi yapo kwingine. Kwa hiyo ukitajiwa walioandikishwa, uliza papo hapo waliobaki. Waliosimama mstarini Januari ni kundi moja, na waliopo darasani mwezi wa mavuno ni kundi jingine.

Nije kwa diwani mwenzako. Wasiwasi wake una historia. Mwaka 2010 mpango wa Uwezo, unaopima kama watoto wanajifunza, ulianza kuwapima watoto majumbani Tanzania, kwa njia ambayo kila diwani angeweza kuielewa. Mtu wa kujitolea anabisha hodi Jumamosi au Jumapili, anaomba ruhusa ya mzazi, anaketi na mtoto mkekani au kwenye benchi, anampa karatasi iliyotungwa kwa kiwango cha darasa la pili. Kuna silabi, kuna maneno, kuna aya, kuna hadithi fupi. Mtoto anasoma kwa sauti, mzazi anasikiliza, na hapo hapo inajulikana amefika wapi. Katika upimaji huo wa kwanza, kati ya watoto watatu wa darasa la tatu nchini Tanzania, takriban mmoja tu ndiye aliyeweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Wakati huo uandikishaji ulikuwa takriban asilimia 95. Aliyeitazama namba moja tu aliona taifa lililokaribia kumaliza kazi. Aliyeisogeza karatasi mbele ya mtoto aliona kitu kingine.

Ninakipenda kipimo cha namna hii kwa sababu hakimhitaji mtaalamu. Kata yenu inaweza kukifanya kwa gharama ya kurudufu karatasi na nauli ya vijana wa kidato cha sita waliopo likizo. Na matokeo yake mzazi hahitaji kutafsiriwa, kwa kuwa amemsikia mwanawe mwenyewe akikwama kwenye neno la tatu.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka baraza lenu lilikalie kwa muda mrefu kuliko mengine yote, yaani kile ambacho kigezo huwafanya watu wakitende.

Mwaka 2013 serikali ilizindua Matokeo Makubwa Sasa, mpango ulioiga mfano wa Malaysia. Katika elimu kigezo kilikuwa ufaulu wa mitihani: asilimia 60 mwaka 2013, 70 mwaka 2014, 80 mwaka 2015. Shule zikapangwa kwa nafasi kitaifa na kiwilaya, na orodha zikatangazwa hadharani. Ufaulu wa darasa la saba ukapanda kweli: takriban asilimia 31 mwaka 2012, 51 mwaka 2013, 57 mwaka 2014, 68 mwaka 2015. Kwa kigezo kilichowekwa, hayo ni mafanikio ambayo nchi nyingi zingeyatamani.

Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, wakaingia ndani ya takwimu hizo. Walitazama shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao, zile ambazo orodha iliziumbua, wakazilinganisha na zilizokuwa katikati. Walikuta mambo mawili. Shule za mkiani ziliongeza kweli idadi ya watoto waliofaulu, kwa hiyo msukumo ulifanya kazi. Lakini katika shule hizohizo, idadi ya watoto waliofika darasa la saba ilipungua. Dhaifu walikuwa wanabaki njiani kabla ya kufikia mwaka wa mtihani.

Hebu jiweke kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Orodha imebandikwa, shule yako ni ya mwisho, mratibu elimu kata anakuuliza maswali, na unao watoto wachache darasa la sita ambao unajua watafeli. Huna uwezo wa kuwaongezea walimu wala vitabu. Una uwezo wa kumwambia mzazi, "Huyu arudie darasa", na kunyamaza atakapoacha shule kabisa. Hakuna aliyekuagiza kufanya hivyo. Kigezo ndicho kilichokuagiza, kwa sababu mtoto asiyefanya mtihani hahesabiki popote, na anayefanya akafeli anakushusha. Mwalimu huyu si mtu mbaya. Wengi wetu tungefanya kama yeye, na ndiyo maana anayeweka kigezo anabeba dhamana ya kile kigezo kinachozaa.

Dawa ipo na ni ya hesabu za darasa la tano: badilisheni asili ya ile sehemu, yaani namba ya chini mnayogawia. Tuseme shule moja ya katani kwenu ilipokea watoto 65 darasa la kwanza, miaka saba baadaye wakafanya mtihani 40, wakafaulu 30. Taarifa itaandikwa ufaulu wa asilimia 75, na watu watapiga makofi. Gawanya wale 30 kwa waliopokelewa, 65, unapata asilimia 46. Hapo mwalimu mkuu aliyewapoteza watoto 25 hana faida yoyote ya kuwapoteza, na aliyekaa na dhaifu akahangaika nao hadi mwisho haadhibiwi kwa wema wake. Namba moja imekuwa mlinzi wa nyingine. Kila mtakapochagua kigezo, tafuteni na mlinzi wake kwa kuuliza swali moja: mtu aliyebanwa angeipandishaje namba hii bila kumsaidia mtoto?

Lipo pia suala la kipimo kubadilishwa katikati ya safari. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalikuwa msiba: takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Iliundwa tume, serikali ikayafuta matokeo hayo, yakachakatwa upya, na ufaulu ukatoka takriban asilimia 34 kwenda takriban 43. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile. Baadaye mwaka huohuo viwango vya alama vikabadilishwa, ukaja mfumo wa wastani wa pointi, na mwaka 2016 tukarudi kwenye madaraja. Siwalaumu wote waliofanya uamuzi, kwani zipo sababu halali za kusawazisha alama. Nasema tu kwamba ukiona mchoro wa ufaulu wa sekondari unaoanzia 2012 na kupanda bila maelezo yoyote pembeni, usiutumie kuhukumu sera yoyote ile. Omba waliouchora waweke alama kwenye kila mwaka ambao kipimo kilibadilika.

Utaulizwa pia: bila sera hii hali ingekuwaje? Swali hili ni gumu, na halmashauri haina uwezo wa kulijibu kikamilifu. Lakini lisiachwe, kwa maana huko ndiko fedha za umma hupotelea. Tunao mfano mzuri wa nyumbani. Mwaka 2013 na 2014, shirika lisilo la kiserikali la Twaweza na watafiti washirika waliendesha jaribio liitwalo KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku kamili ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, moja kwa moja. Kundi la pili, walimu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayemudu stadi za msingi. La tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata chochote, likawa la kulinganishia. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuongeza chochote kinachoonekana katika alama za watoto. Bakshishi peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Vyote viwili pamoja vilileta mafanikio makubwa kuliko jumla ya kila kimoja. Bila lile kundi la nne, shule zilizopata ruzuku zingeonyesha vitabu vipya na risiti safi, na kila mtu angeamini kazi imefanyika. Baraza lenu halitafanya jaribio kama hilo, ila linaweza kulinganisha kata yenu na kata jirani yenye hali inayofanana, jambo ambalo ni bora kuliko kujilinganisha na jana peke yake.

Kuhusu wastani, nitasema kwa ufupi. Usikubali namba ya wilaya nzima bila kuigawa: wasichana na wavulana, shule za barabarani na za pembezoni, watoto wenye ulemavu. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Halmashauri ikitaja idadi ya waliorudi, iulize ni wangapi wamefika mwisho, na nani anamlea mtoto wakati mama yupo darasani. Nina hakika jibu la swali hilo la mwisho litawaeleza mengi kuhusu uamuzi huo kuliko idadi yenyewe.

Nikupe basi mpango wa kazi kabla ya kikao. Keti na wenzako, mkubaliane vigezo vichache, vinne vinatosha: kaya imelipa nini, nani yuko nje, wangapi wa kundi lililoanza wamefika mwisho, na wangapi wanasoma hadithi ya darasa la pili wakiwa darasa la tatu. Kwa kila kimoja andikeni kiwango ambacho mkikikuta mtasema "imefaulu" na ambacho mkikikuta mtasema "bado". Andikeni sasa, takwimu zikiwa hazijafika mezani, na mweke sahihi. Namba ikishafika, kila mtu hupata sababu ya kuona kwamba alichokiona ndicho alichokitarajia. Nimeshuhudia hilo kwenye vikao vya wasomi na vya wasio wasomi.

Kigezo cha tatu mtaweza kukipata bila fedha yoyote. Watoto walioanza darasa la kwanza Januari 2016 ndio wa kwanza kuingia chini ya waraka ule. Walimaliza darasa la saba 2022, wakaingia kidato cha kwanza 2023, na kidato cha nne ni 2026. Mwombe kila mwalimu mkuu wa katani kwako akufungulie rejista ya uandikishaji ya mwaka 2016. Yaandikeni majina yote, kisha yafuatilieni: nani alifika darasa la saba, nani alihama kwa barua, nani alirudia, nani yuko sekondari leo. Kwa waliohama, namba ya PREM ya mwanafunzi, yaani ile anayopewa katika mfumo wa taifa wa kumbukumbu za wanafunzi, itasaidia kumpata alikokwenda. Utakuta majina ambayo hayapo popote. Hayo usiyaache kwenye safu ya "watoro". Mpe kila mtendaji wa kijiji orodha ya watoto wa kijiji chake aende nyumbani kwao aulize waliacha lini na kwa sababu gani, na kama sababu ni fedha, zilikuwa za nini. Orodha hiyo ikishakamilika, ipeleke kwa afisa elimu siku chache kabla ya kikao, ili naye apate nafasi ya kuilinganisha na ya kwake.